Nauli ya Kurudi

Mapema mwaka huu mpwa wangu anayeishi Izia, hapa Sumbawanga, alipokea santuri aliyoinunua mtandaoni kwa muuzaji wa Ulaya. Ilikuwa LP ya Mbaraka Mwinshehe na Super Volcano, mojawapo ya zile za mfululizo wa Ukumbusho zilizotolewa Nairobi. Muuzaji aliitangaza kuwa imetumika lakini iko katika hali nzuri sana. Kwa macho ilikuwa hivyo kweli: jalada safi, sahani inang'aa. Ilipowekwa kwenye mashine ndipo tukaona imepinda ukingoni. Sindano ilipanda na kushuka kila mzunguko, na wimbo wa kwanza wa kila upande ukawa unaruka.

Kijana alipiga picha, akarekodi sauti, akalalamika. Akajibiwa kwa adabu: irudishe, utarejeshewa fedha zako zote, ila gharama ya kuirudisha ni juu yako, na itumwe kwa njia yenye namba ya ufuatiliaji. Tukaenda kuuliza bei ya kutuma kifurushi cha namna hiyo hadi Ulaya. Ilizidi bei ya santuri yenyewe.

"Sasa Mjomba," akaniuliza tukiwa njiani kurudi, "hii haki niliyopewa ni ya kufanyia nini?"

Swali lake limenirudisha mbali, kwa sababu nimekulia katika nyumba ya santuri zilizotumika, na jambo hili la nani abebe hasara ya kitu kibovu nimeliona likijibiwa kwa njia mbalimbali katika nyanda hizi za Ufipa. Baadhi ya majibu hayo yalikuwa bora kuliko lile alilopewa mpwa wangu.

Marehemu baba alikuwa karani wa NMC, shirika la umma lililokuwa likinunua mahindi miaka ile Rukwa ilipohesabiwa pamoja na Mbeya, Iringa na Ruvuma kuwa mikoa minne mikubwa ya nafaka. Mshahara wake haukuwa mkubwa, lakini kila baada ya msimu alitenga kidogo kwa ajili ya muziki. Karibu na soko kulikuwa na duka la Mwarabu mmoja, lenye vitenge, sufuria, taa za chemli, na juu ya kaunta mashine ndogo ya Philips inayotumia mawe ya betri. Baba alinichukua mara nyingi.

Namna alivyonunua naikumbuka vizuri kuliko nyimbo zenyewe. Aliitoa sahani kwenye mfuko wake wa karatasi, akaishika kwa viganja viwili, vidole visiguse mistari. Akasogea mlangoni penye mwanga, akaiinamisha taratibu huku akiigeuza, macho yakifuata mng'aro. Akiona mkwaruzo aliupitishia ukucha wa kidole kidogo. Mkwaruzo ambao ukucha hausikii, sindano itaupita. Ambao ukucha unakwama, sindano nayo itakwama. Kisha aliiinua usawa wa jicho, kama seremala anayetazama ubao, kuona kama imepinda. Hapo tu ndipo alipomrudishia mwenye duka aipige, upande wa kwanza na wa pili, mpaka mwisho. Watu waliopita na mizigo yao walisimama kusikiliza. Hakuna aliyeharakishwa.

Ukutani kulikuwa na kibao: mali ikishauzwa hairudishwi. Baba hakuwahi kukilalamikia, na alikuwa na sababu. Alikuwa ameikagua mali kwa macho, kwa ukucha na kwa masikio kabla shilingi haijatoka mfukoni. Kama alishindwa kuona kasoro baada ya yote hayo, hasara ilikuwa yake kwa haki. Maneno yale yale leo yamechapwa kwenye risiti za maduka mengi ya Tanzania, na sasa yanabandikwa hata kwenye kurasa za wauzaji wa mtandaoni, ambako mnunuzi hakugusa kitu wala kusikia kitu. Kanuni imehamishwa kutoka kwenye kaunta iliyoizaa, na kile kilichoifanya iwe ya haki kimeachwa nyuma. Mtu anayeuza kwa picha hana uhalali wa kutumia kibao cha yule aliyekuachia upige pande zote mbili.

Santuri mpya zilianza kuadimika nikiwa bado mtoto. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuzichapa. Bendi zetu zilirekodi kanda katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, lakini ili wimbo uwe santuri ilibidi uvuke mpaka. Salum Abdallah na Cuban Marimba ya Morogoro walitoka kwa lebo ya Mzuri ya Assanand & Sons, Mombasa; wengine waliokuja baadaye walitoka kwa kampuni za Nairobi. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa, haukufunguliwa tena mpaka mwishoni mwa 1983. Huku kwetu, mwisho wa barabara, maana yake ilikuwa rahisi: kilichopo ndicho kilichopo. Santuri iliyokwisha kupigwa katika sebule tatu ikawa mali ya kutafutwa.

Njia nyingine ilikuwa ziwa. Meli ya MV Liemba ilishuka kutoka Kigoma hadi Mpulungu, Zambia, ikipitia Kipili na Kasanga, na pamoja na dagaa, vitenge na sabuni zilishuka santuri za rumba, za Franco na za Tabu Ley, kutoka ng'ambo. Kulikuwa na bwana mmoja wa Kasanga aliyepanda nazo mpaka Sumbawanga, amezifunga katika khanga ndani ya kapu. Huyu hakuwa na mashine wala duka. Ungezijaribia wapi?

Baba na yeye walipatana hivi: nusu ya bei leo, nusu nikishaisikia nyumbani. Lakini ile nusu ya pili hakubaki nayo baba. Iliwekwa kwa mama mmoja mwenye hoteli ya chai karibu na stendi, mwanamke aliyeheshimiwa na wote wawili. Bwana wa Kasanga aliporudi safari nyingine alipitia kwa mama yule. Kama baba hakuwa na neno, alipewa fedha yake. Mara moja sahani ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele kutoka ukingoni, ambao hauonekani mpaka uikunje kidogo. Baba aliipeleka hotelini na kueleza. Mama aliushika ufa kwa kidole, akamrudishia ile nusu. Mwenye mali alipokuja aliipokea sahani yake, akatoa na nusu ya kwanza, akaondoka na kapu lake.

Leo kampuni kubwa za mtandaoni zinajisifu kwa kitu hicho hicho: kushikilia au kudhibiti fedha mpaka mnunuzi aridhike, na kuwa na mtu wa kati anayesikiliza pande mbili. Mama wa hoteli aliifanya kazi hiyo bila malipo zaidi ya kwamba wote wawili walikunywa chai kwake. Lakini kilichoufanya mpango ule utimie, ambacho kampuni haziwezi kukitengeneza, ni kwamba santuri mbovu haikuwa na nauli ya kurudi. Bwana wa Kasanga alikuwa anakuja na kurudi kwa shughuli zake. Sahani iliingia kwenye kapu lililokuwa linakwenda huko huko.

Nilipoanza ualimu, upande wa Laela, niliagiza vitu Mbeya kwa dereva wa lori la mahindi. Hapo barabara ya Tunduma ilikuwa bado ya vumbi, na masika ya tope, lori liliweza kulala njiani. Nilimpa fedha na karatasi yenye jina la bendi na wimbo. Akaniletea sahani yenye karatasi ya katikati iliyoandikwa nilichotaka, lakini ndani ikapiga wimbo mwingine kabisa wa bendi nyingine. Yalitokea makosa ya namna hiyo kiwandani, karatasi kubandikwa pasipo pake. Nilipomweleza nilitarajia anidai chochote kwa kuirudisha. Alinijibu, "Mwalimu, umeniagiza kitu nimekuletea kingine. Kurudi ni kwangu." Ilichukua muda mrefu, kwa sababu ya mvua, lakini niliipata niliyoitaka.

Dereva yule hakuwa amekosea lolote. Hakuwa na mashine ya kujaribia. Hata hivyo alielewa kwamba mzigo wa safari ya pili unamfuata aliyeleta kisicholingana na maagizo, wala si aliyekaa akisubiri. Sijapata maelezo bora zaidi ya haki ya mnunuzi, na nimesoma mengi.

Kuna upande mwingine ambao ni lazima niuseme, maana mke wangu aliuza mitumba kwa miaka na asingekubali niandike kana kwamba wauzaji wote ni wakwepaji. Belo la nguo likishakatwa kamba halirudi kwa mtu. Humo kuna mashati mazuri na kuna yaliyotoboka, na hakuna wa kumlalamikia. Wafanyabiashara wa mitumba wanajua hivyo, na bei ya belo inajua hivyo. Hasara imeshahesabiwa ndani yake kabla ya kununua. Basi sipingi kila biashara isiyorudisha. Anayeuza sanduku zima la santuri kuukuu kwa bei ya kutupa, akasema wazi kwamba hajazisikiliza, hajamdhulumu mtu. Ninachokikataa ni kulipishwa bei ya kitu kilichochaguliwa na kukaguliwa, halafu kasoro ikionekana ukaambiwa biashara ilikuwa ya belo.

Na hapo ndipo lilipo tatizo la santuri za mtandaoni. Watu wanaozikusanya duniani wanatumia ngazi ya madaraja iliyoenezwa na jarida la Kimarekani la Goldmine: M kwa santuri isiyowahi kuguswa, NM kwa iliyo karibu na hiyo, kisha VG+, VG, G, na chini zaidi F na P. Mgeni akiona G hudhani ni daraja la kuridhisha. Kumbe ni santuri iliyochakaa, yenye kelele mwanzo hadi mwisho. Discogs, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2000 na ambayo sasa ni soko kubwa la santuri zilizotumika, inatumia ngazi hiyo. Lakini wauzaji wengi wanapanga daraja kwa kutazama tu chini ya taa. Ukiwa na santuri elfu kadhaa stoo huwezi kuzipiga zote. Mkunjo mdogo wa ukingoni taa haiuoni. Daraja basi ni kauli ya muuzaji kuhusu kitu alichokitazama kwa nusu ya njia ambazo baba alizitumia mlangoni kwa Mwarabu.

Kauli hiyo ikiwa si sahihi, kinga ipo, ila inategemea umenunulia wapi na umelipaje. eBay ina dhamana yake: kitu kisicholingana na maelezo, mnunuzi ana siku 30 baada ya kukipokea kufungua dai, na nauli ya kukirudisha ni ya muuzaji hata kama aliandika kwamba harudishi. Ukibadili nia tu, hilo ni suala jingine, na mara nyingi nauli ni yako. Kwenye Discogs kila muuzaji anaandika masharti yake mwenyewe, na mnunuzi aliyelipa kwa PayPal anategemea kinga ya PayPal, inayompa siku 180 tangu alipe kufungua dai. Siku hizo ni nyingi, na kwetu huku tunaosubiri vifurushi kwa muda mrefu ni msaada wa kweli. Lakini PayPal inaweza kukutaka urudishe mali kwa gharama yako ndipo urejeshewe. Walikuwa na mpango wa kuwarudishia wanunuzi wa nchi kadhaa nauli hiyo. Waliufunga mwishoni mwa 2022.

Nchi za Umoja wa Ulaya zina sheria ya haki za walaji ya 2011 inayompa mnunuzi wa mbali siku 14 za kubadili nia bila kutoa sababu. Nauli ya kurudisha inaweza kuwa yake akiwa ameambiwa mapema, na sheria yenyewe inawahusu wafanyabiashara, haimgusi mtu binafsi anayeuza santuri za marehemu babu yake. Imeandikwa kwa soko ambalo kifurushi kinavuka nchi mbili kwa siku chache na kwa bei ya mlo wa mchana. Anayeishi Rotterdam akiambiwa nauli ya kurudi ni yake, anakasirika kidogo kisha anakwenda posta. Anayeishi Izia akiambiwa hivyo, ameambiwa abaki na santuri mbovu. Maneno ni yale yale kwa wote wawili.

Nilikaa na mpwa wangu tukaandika jibu. Hatukugombana. Tulimwonyesha muuzaji bei ya kutuma, tukamwambia kwamba santuri haikulingana na daraja aliloliandika, na kwamba tuko tayari kuirudisha akituma nauli. Akakataa nauli, akapendekeza arejeshe sehemu ya bei na sahani ibaki. Mpwa wangu alikubali. Hata hiyo sehemu ilichelewa kufika, maana fedha inayorejeshwa hurudi kwenye kadi ileile iliyolipia, na kadi ilikuwa ya binamu yake wa Dar es Salaam. Mtu anayelipa kwa kadi ya kuazima anaazima na kinga pia. Hilo vijana wanaoagizia vitu kwa kadi za wenzao walijue kabla, wasilijue baada.

Nilichokitafuta baadaye ni kama sisi wenyewe tuna jibu letu. Tunalo, tena la zamani. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, iliyochukuliwa kutoka sheria ya Kiingereza ya 1893, inasema mali inayouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo hayo. Inasema mnunuzi ambaye hakuikagua mali kabla hahesabiwi kuwa ameikubali mpaka apate nafasi ya kutosha ya kuikagua. Kisha inasema jambo ambalo nililisoma nikalirudia: mnunuzi mwenye haki ya kuikataa mali halazimiki kuirudisha, inatosha amjulishe muuzaji kwamba ameikataa, isipokuwa kama walipatana vinginevyo. Dereva wa lori hakuwahi kuisoma Sura ya 214, lakini aliitekeleza.

Sheria hiyo haitamfikia muuzaji wa Ulaya, hilo najua. Lakini biashara iliyojaa sasa si ya Ulaya. Ni ya simu, viatu, redio za gari na nguo zinazoonyeshwa Instagram na kwenye makundi ya WhatsApp, fedha inatumwa kwanza, mzigo unakuja kwa basi kutoka Dar es Salaam au Mbeya. Ukienda stendi asubuhi utawaona watu wakifungua maboksi palepale kwenye ofisi ya vifurushi, wakigeuza kitu mkononi, na baadhi yao wakiinua simu kumpigia mtu asiyepokea. Wanaopokelewa wanaambiwa: tuma kwa gharama yako, tukishaiona tutaongea. Tuna Sheria ya Ushindani ya 2003, inayokataza kumpotosha mlaji na inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, FCC. Tuna Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015. Ninachokitaka ni kanuni moja ya wazi inayomlazimisha kila anayeuza kwa mbali aandike, pembeni ya bei, nani atalipa nauli ya kurudi mzigo ukija tofauti na ulivyoelezwa. Na kama hakuandika, iwe ni yeye. Ningependa FCC ilitangaze hilo kwa Kiswahili cha kawaida, redioni, mpaka mama anayesubiri mzigo Namanyere alijue kama anavyoijua bei ya mbolea.

Mpwa wangu hajaacha santuri. Sasa anazitafuta vijijini, Chala, Kate na Matai, kwenye nyumba za wazee waliokuwa na mashine, na kuziuza kwa wakusanyaji wa Dar es Salaam na Arusha. Kila moja anaipiga yote na kurekodi kwa simu, sindano ikionekana, na video hiyo humtumia mnunuzi kabla ya fedha. Anaipiga picha pia ikiwa imeinuliwa usawa wa jicho. Sahani anaitoa ndani ya jalada na kuifunga kando, isije ikapasua mshono wa jalada barabarani. Chini ya bei ameandika kwamba ikija tofauti na video, nauli ya kurudi ni yake.

Mteja mmoja wa Arusha ameshairudisha moja, iliyopata mkwaruzo kabla ya kufungwa, na alilipiwa nauli ya basi siku hiyohiyo. Nilimuuliza kijana kama atamudu zikirudi nyingi. Akanionyesha daftari: kwenye kila santuri anaongeza kiasi kidogo cha kubeba zile chache zitakazorudi, kama belo linavyobeba mashati yaliyotoboka, na wateja wanailipa bei hiyo bila kulalamika kwa sababu wamesoma imewekwa kwa ajili ya nini. Kwa wateja wa nje ya nchi bado hajaahidi hivyo. Nauli ya huko ingemaliza faida ya mwezi, na hataki kuandika ahadi ambayo hawezi kuitimiza.